Vigeuzi Viwili na Ngoma Isiyoota Moto

Nilijifunza kusikiliza ngoma kabla sijaruhusiwa kuiona. Kwetu Kitangari, utotoni mwangu, kulikuwa na ngoma ambazo sisi wasichana hatukuzisogelea. Tulibaki uani na mama zetu tukiosha ming'oko, vile viazi vya porini, kwa maji yaliyopimwa, na sauti ilitufikia ikipita kwenye mikorosho. Mwanzoni ilikuwa butu, kama mtu anayepiga gunia la muhogo mkavu. Halafu kimya. Ndani ya kimya kile nilijua kwamba baba yangu ameinama karibu na moto, anagonga ngozi kwa kidole kimoja na kutega sikio.

Baba alipiga likuti, ngoma kubwa inayozibeba nyingine zote, lakini heshima yake ilitoka kwenye kazi ambayo haikuwa na jina. Uwanda wetu una ukungu, na ukungu hulegeza ngozi. Kwa hiyo kabla ya kupiga, ngoma hupangwa zikiwa zimeelekea moto wa majani makavu ya mikorosho, moto mwepesi usio na moshi mwingi. Maganda ya korosho baba aliyakataza kabisa. Alisema moshi wake unakula ngozi. Ngoma zikiota moto, ngozi hukaza na sauti hupanda, ikawa na mlio juu ya mlio. Baba alipita akigonga moja baada ya nyingine na kusema neno moja kati ya mawili: "bado" au "haya". Hakuna aliyegusa ngoma kabla ya "haya". Nami nikiwa uani, ilipolia likuti iliyoiva, niliwaambia wasichana wenzangu, "Huyo ni baba," kana kwamba ngoma na yeye ni kitu kimoja.

Nadhani ugonjwa wangu ulianzia pale. Nilipokua nilishuka Masasi, nikaajiriwa kwenye kituo kidogo cha redio, na mshahara wangu ukaanza kuishia kwenye spika, nyaya na vigeuzi.

Nieleze kigeuzi ni nini. Muziki uliohifadhiwa kwenye kompyuta ni namba tupu. Kigeuzi huzisoma namba hizo na kuzifanya mkondo wa umeme, mkondo huo huenda kwenye amplifaya, kisha kwenye spika, na hapo ndipo sikio linapata chakula. Kila simu ina kigeuzi kidogo ndani yake. Ninavyovizungumzia mimi ni vile vya watu waliokwisha kushikwa na ugonjwa huu: visanduku vya chuma, vizito, vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, na wenye navyo wanaweza kugombana wiki nzima kwenye simu kuhusu kipi kinatoa sauti ya kweli. Mikoa ya kusini tuko wachache. Mimi huwaandikia wenzangu makala za kulinganisha, na sifa yangu kwao ni kwamba sisifu kitu nilichokisikiliza kwa macho.

Maana macho hudanganya sana katika mambo haya. Kigeuzi kikiwa kizuri kwa sura, sauti yake huonekana nzuri. Kikipaza sauti kidogo zaidi ya kingine, hata kwa kiasi usichoweza kukitambua, sikio litakichagua hicho na kudai sauti yake ina kina zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha nachukua mita ya fundi umeme, napitisha mlio mmoja ulionyooka kwenye kila kigeuzi, na kurekebisha mpaka nguvu inayofika kwenye spika iwe sawa. Kisha navifunika vyote kwa khanga. Anayesikiliza anaambiwa "cha kwanza" na "cha pili", basi. Mara nyingi jibu la haki ni kwamba vigeuzi viwili vya daraja la juu havitofautiani hata kidogo, na jibu hilo halimfurahishi mtu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba, baridi imeshika mpaka huku chini. Rafiki yangu mmoja, mfamasia wa Newala mjini, alikuwa ameahidi kuteremka na kigeuzi chake kipya tukilinganishe na changu. Kabla hajafika, waliingia wageni ambao sikuwatarajia: baba yangu na mdogo wake.

Baba mdogo ndiye apigaye kinganga, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, pembeni ya likuti ya baba, tangu wote wawili wakiwa vijana. Alimwacha baba sebuleni na chai yake akanifuata jikoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Nyumba nzima hamjambo?"

"Hatujambo. Mbona mmekuja bila hata kupiga simu?"

Akachungulia sebuleni, akarudi. "Nimemleta kaka kwa kisingizio cha kukujulia hali. Nataka useme naye. Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza, maneno yako anayapokea."

"Niseme naye nini?"

"Masikio." Aligusa sikio lake kama vile neno halikutosha. "Kule Mnyambe ulikuwepo, uliona mwenyewe. Ngoma zimekaa motoni mpaka wageni wanachoka. Kila mtu anasema zimeiva, yeye bado, bado, bado. Nyumbani unamwita, hageuki. Jumamosi ijayo wajukuu zetu wanatoka jandoni. Kikundi kimekaa, kimeona mimi ndiye nisimame kwenye moto."

"Mmemwambia?"

"Nimwambie mimi? Atasema nimemgeuka. Sitaki kumnyang'anya, binti yangu. Nataka aiache mwenyewe, kwa heshima, kabla watu hawajaanza kumcheka."

Nilikuwa Mnyambe siku hiyo, nimekaa na kinasa sauti changu kama kawaida, na niliona watu wakitazamana. Kama baba hasikii tena ngozi, basi baba mdogo alikuwa na haki. Na kama baba mdogo alikuwa na haki, Jumamosi ijayo baba angekaa kwenye viti vya wageni, na nilijua asingeketi pale muda mrefu. Angerudi nyumbani na asingetoka tena.

"Mnanong'ona nini huko?" baba aliuliza kutoka sebuleni.

Baba mdogo akanitazama. "Ametuona," alisema.

Rafiki yangu alifika muda si mrefu, amekumbatia mzigo uliofungwa kwa kitenge. Yeye ni Mmakua, na kwa baba, ambaye ni Mmakonde, Mmakua ni mtani. Heshima ya shikamoo hutolewa kwanza, kisha vita huanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini, Mmakua? Mtoto?"

"Zaidi ya mtoto, mzee. Huyu halii mpaka umwambie."

"Na kitenge hicho si cha mkeo? Yeye umemwacha kavaa nini?"

"Kavaa uvumilivu. Ndiyo nguo ya wanawake waliokosa Mmakonde wa kuwaoa."

Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Rafiki yangu alikifungua kigeuzi chake na kukiweka kando ya changu. Changu ni cha kijivu, bapa, kina taa moja ndogo. Mtu asiyejua angedhani ni sanduku la dawa ya meno. Chake kilikuwa cheusi, na juu yake zimesimama valvu mbili za kioo, zile zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Alipokiwasha, valvu ziliwaka taratibu, nyekundu iliyochanganyika na njano.

"Hiki kinaota moto chenyewe," baba alisema.

"Kinahitaji robo saa kipate joto, mzee, ndipo kiimbe."

"Basi kina akili kuliko wewe."

Chumba changu cha kusikilizia kiko nyuma ya nyumba, kinatazamana na mwamba. Kutani nimetundika mablanketi na vipande vya godoro, maana bodaboda zikipita barabarani ule mwamba unazirudisha zote ndani. Nilipima kwa mita, nikasawazisha, nikatandika khanga juu ya vigeuzi vyote viwili hata mwanga wa valvu usionekane. Swichi ya kubadilisha nilikaa nayo mimi. Rafiki yangu alikaa katikati, baba mdogo kushoto kwake. Baba alichagua kiti cha pembeni, akakigeuza kidogo ili sikio lake la kulia lielekee spika. Baba mdogo alikiona kitendo hicho, nami niliona kwamba amekiona.

Tulianza na wimbo wa dansi wenye magitaa matatu. Nikawapa cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha kwanza tena. Rafiki yangu alisema cha pili kina utamu kwenye gitaa la juu, kama limepakwa asali. Baba mdogo alisema yeye haoni tofauti, ila chai imepoa. Tukasikiliza kwaya. Kwenye sauti za wanawake tofauti ilizidi kidogo. Cha pili kilizileta mbele, zikawa nene, za kupendeza. Nilijua cha pili ni kile cha valvu, na bado nilikipenda. Niliandika kichwani sentensi ya kwanza ya makala yangu.

Ndipo nikaweka ngoma ya nyumbani. Nina rekodi nyingi za kikundi cha baba, nimezinasa mwaka hadi mwaka. Nilichagua moja iliyopigwa Kitangari, uani kwa baba mwenyewe, siku alipokuja mgeni kutoka Mtwara kusikiliza kikundi. Wimbo ni mmoja, rekodi ni moja. Kinachobadilika ni kigeuzi tu.

Kupitia cha kwanza, likuti ilikuwa nzito, imenuna. Kupitia cha pili, ilisimama. Ilikuwa na ule mlio juu ya mlio ambao tangu utotoni umekuwa, kwangu, maana ya neno "nzuri".

Baba mdogo alijipiga goti. "Hiyo! Hiyo ndiyo ngoma. Hata mimi kiziwi wa mashine nimesikia."

Rafiki yangu alinyoosha miguu, ametosheka. "Unaona? Cha pili. Nilisema."

"Baba?" niliuliza. "Wewe unasemaje?"

Alikuwa ameinamisha kichwa. "Nirudishie ya kwanza." Nikarudisha. "Sasa hiyo nyingine." Nikabadilisha. Alisikiliza mpaka kiitikio, kisha akainua mkono nizime.

"Hiyo ya pili si ngoma yangu," alisema.

Baba mdogo hakucheka. Alinitazama tu, na katika macho yake hakukuwa na ushindi hata kidogo. Kulikuwa na huzuni. Mpigaji likuti ameshindwa kuitambua likuti yake.

"Kaka," baba mdogo alisema kwa upole, "ni ngoma yako ileile. Wimbo uleule, ulipigwa mara moja. Mashine ndizo zinabadilishwa."

"Wimbo nimeusikia. Mimi nasemea ngozi."

Kazi ya redio imenifunza kitu kimoja ambacho naringia. Mtu akisema jambo lisiloingia akilini, usimsahihishe, muulize tena.

"Ngozi imefanyaje, baba?"

"Huku mwanzo ni baridi. Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo, hatukuipasha moto. Huku kwa pili imeota moto vizuri kabisa." Alinigeukia. "Nani kaipasha?"

"Haiwezekani," baba mdogo alisema, safari hii bila upole. "Tangu lini sisi tumepiga ngoma mbichi mbele ya mgeni? Labda vikundi vya wengine. Sisi, kaka? Sisi?"

"Siku hiyo tulipiga."

"Hatujawahi."

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kwenye diski. Rekodi ninazozipeleka redioni huzikata mwanzo, naanzia pale wimbo unapoanza. Kukohoa, kuvuta viti na kubishana huwa navitoa. Ila ile ya asili, nzima, huwa naihifadhi. Niliipata, nikaipiga kupitia cha kwanza.

Tulisikia kwanza manyunyu juu ya bati. Kisha mtu anapuliza moto, anapuliza tena, anakohoa. Kisha sauti ya karibu sana, ya kulalamika: "Kaka, majani haya yamelowa yote, hata kiberiti kinayakimbia." Na sauti ya baba, mbali kidogo: "Basi. Mgeni ana safari. Tupige hivyohivyo, Mungu atusamehe."

Rafiki yangu alimgeukia baba mdogo polepole. "Samahani, mzee wangu. Huyo anayelalamikia majani, namfahamu?"

Baba mdogo alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Tulicheka wote, baba akicheka kidogo kuliko sisi, kama mtu anayengoja tumalize.

Nilipotulia nilielewa kilichotokea chini ya khanga. Valvu zina tabia inayojulikana: kwa kila sauti huongeza kivuli chake, sauti hiyohiyo ikiwa juu zaidi, hafifu. Kwenye gitaa kivuli hicho ni asali. Kwenye ngozi iliyolegea, kivuli hicho ndicho hasa kile ambacho moto ungeleta. Kigeuzi cha rafiki yangu kilikuwa kimeipasha moto ngoma ambayo haikupashwa. Na sisi watatu tuliolelewa na ngoma za uwanda tulikimbilia kukichagua, kwa sababu kwetu ngoma nzuri ni ngoma iliyoota moto. Mtu wa kwingine pengine asingenaswa. Lilikuwa kosa la watu wa kwetu, na tulilifanya kwa moyo mmoja.

Lakini baba mdogo ni mtu wa haki, na mtu wa haki hasadiki haraka. Alifuta macho kwa kofia yake. "Sawa. Ila huko ni kukumbuka, si kusikia. Kaka alikumbuka siku ile, mimi nilisahau. Kumbukumbu yake sina ugomvi nayo."

Nilimwona ana hoja. Baba pia alimwona. "Basi nipe nisizozijua," aliniambia, akageuza kiti kabisa, mgongo ukaelekea kwetu.

Nilimkalisha baba mdogo kando yangu, nikampa hedifoni ili asikie mwanzo wa kila rekodi, wakati wa moto, baba asisikie. Kisha nilikata likuti peke yake, mapigo machache tu, bila wimbo wa kukumbukwa, nikayapitisha kwenye kigeuzi cha kijivu.

"Imeota," baba alisema.

Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali.

"Hii bado. ... Hii imeota upande mmoja, mlikuwa na haraka. ... Hii si likuti yangu, ni ile ya Mnyambe tuliyoazima, ina mbao ngumu. ... Hapa vigelegele vimezidi mno, siwezi kusema, nisije nikasema uongo." Kwa moja alisita. "Irudie. Subiri, nigeuke kidogo. Sikio hili la kushoto siku hizi ni mgeni wangu, huja na kuondoka." Aligeuka, akasikiliza. "Imeota, lakini imeanza kupoa. Wimbo huo ulikuwa wa mwisho."

Nilitazama skrini. Ulikuwa wa mwisho.

"Na nyumbani mbona ukiitwa huitiki?" baba mdogo aliuliza ghafla, kwa sauti ya kawaida, nyuma ya mgongo wake.

"Nasikia. Siwajibu wanaoniita kama wanaita mbuzi."

Rafiki yangu alifurahi mpaka akasahau kwamba mashine yake ndiyo iliyokuwa kizimbani. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa amevua hedifoni na kuishika magotini.

"Ile ya Mnyambe unayo?" aliniuliza. "Siku ile tuliyobishana. Pale motoni."

Ninayo. Nilitafuta kipande ambacho baba anagonga likuti kwa kidole na kusema bado, kelele za watu zikiwa nyuma: zimeiva hizo, mzee, zimeiva. Kisha nikatafuta kipande cha baadaye, anapogonga ngoma ileile na kusema haya. Nikaviweka pamoja, pigo moja na jingine. Nikampa baba mdogo avisikie kwanza kwenye kigeuzi cha valvu.

"Ni sawasawa," alisema. "Zote zimeiva. Ndicho nilichokuwa nasema."

Nikambadilishia. Kijivu.

Alisikiliza. Aliomba nirudie, nikarudia. Alifunga macho. Pigo la kwanza lilikuwa na ukali, lakini chini yake kulikuwa na kitu kilicholegea, kama kamba ambayo haijavutwa hadi mwisho. La pili lilikuwa limekaza lote. Tofauti ilikuwa ndogo, ila ukishaisikia huwezi tena kuipoteza.

Baba mdogo aliiweka hedifoni mezani kwa uangalifu.

"Ilikuwa bado," alisema.

Baba alibaki ametupa mgongo. Sijui kama wakati huo alikuwa amekwisha kuelewa kwamba ameletwa mjini ili astaafishwe. Nadhani alijua tangu kwenye basi. Alisema tu, "Kelele zilikuwa nyingi siku ile. Na nyinyi mlikuwa na njaa. Mwenye njaa kila kitu kimeiva."

Nilijivuna, sina neno la kupunguza. Nimesikiliza vigeuzi ambavyo wenyewe huvifunga kwa kufuli, nimesoma makala za watu wanaojiita masikio ya dhahabu, na kipimo nilichokiamini kuliko vyote kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha plastiki chumbani kwangu, kimevaa sweta, kinauliza kama kuna chai nyingine.

Tulipokuwa tunakunywa hiyo chai, rafiki yangu alianza kukifunga kigeuzi chake kwenye kitenge, lakini hakuwa mtu wa kuondoka bila kujitetea. "Mimi sikununua shahidi, mzee. Nilinunua raha. Nikitoka kazini nataka kila ngoma iwe imeota moto."

"Raha ni raha, Mmakua," baba alisema. "Kisikilize. Ila usikipeleke mahakamani."

Makala yangu niliiandika hivyo, bila kutaja mtu: cha valvu kwa anayetaka kuburudika, cha kijivu kwa anayetaka kujua ngozi ilikuwa na hali gani. Wenzangu waligombana kwa wiki nzima. Mmoja aliuliza nilitumia msikilizaji gani. Nilimjibu, wa kwetu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Kitangari alfajiri. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mikorosho, bendera za karatasi za rangi zimelowa zikiwa zimening'inia uani, na wanawake walikuwa wamekwisha kuanza vigelegele vya kujaribu koo. Ngoma zilikuwa zimepangwa zinatazama moto. Nilisimama karibu kuliko nilivyoruhusiwa utotoni, kinasa sauti mkononi, naitazama kazi ambayo kwa miaka mingi niliijua kwa masikio tu.

Baba alipita na kidole chake. Kinganga: haya. Kinganga cha pili: haya. Kwenye likuti aliinama, akageuza kichwa, sikio la kulia chini.

"Bado."

Walitupia majani mengine. Watoto waliotoka jandoni walikuwa tayari nyuma ya nyumba, wamevalishwa nguo mpya, na mama zao wanachungulia. Mshereheshaji, kijana aliyekodiwa kutoka Newala mjini pamoja na kipaza sauti chake, alikuja mbio.

"Wazee wangu, wageni wamekaa. Kila mtu anaona ngoma ziko tayari. Tuanze, hiyo iliyobaki itajikaza yenyewe njiani."

Alikuwa akimwambia baba mdogo, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mwaka huu moto ni wake. Baba mdogo alikuwa amechuchumaa karibu na baba, kinganga magotini. Hakuinua hata macho.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, lakini..."

"Kasema bado. Kakae."

Mshereheshaji akaenda kukaa. Uani palitulia. Palisikika majani yakiwaka, mtoto mmoja akipiga chafya nyuma ya nyumba, na kidole cha baba kikigonga ngozi, kimya, kikigonga tena. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti tangu mwanzo. Niliporudi Masasi niliisikiliza rekodi ile kwenye kigeuzi cha kijivu, na nilipoitayarisha kwa ajili ya redio, sehemu ile ya kungoja sikuikata.